Uraia wa Babu: Kutoka Ganjoni hadi Goa, kisha Lisbon

Ukiuliza wazee wa Ganjoni, hapa Mombasa, habari za Magoa, watakuhesabia nyumba: hapa alikaa karani wa reli, pale mpishi wa meli, kule fundi cherehani. Yule fundi ni babu yangu. Alitoka Bardez, kaskazini mwa Goa, akafungua duka la kushona kisiwani na kumuoa nyanya, msichana wa Rabai. Baba akazaliwa hapa, nami nikazaliwa hapa. Leo baba yangu ni raia wa Ureno, nami pia, na Ukenya wetu uko pale pale. Naandika kwa sababu najua ziko familia nyingi za hapa zenye haki hii na wazee wao wanazidi kupungua.

Kwanza tuelewane haki yenyewe imetoka wapi. Haikutoka Fort Jesus. Wareno waliotujengea ngome ile kuanzia 1593 walitolewa na Waomani mwaka 1698, na hakuna anayerithi uraia kwa historia hiyo. Imetoka Goa, iliyokuwa chini ya Ureno hadi jeshi la India lilipoingia Disemba 1961. Aliyezaliwa Goa kabla ya hapo alizaliwa raia wa Ureno. Ureno yenyewe ilitambua utawala wa India kwa mkataba wa Disemba 1974 tu, na sheria yake ya uraia ya mwaka 1981 inampa mtoto wa Mreno aliyezaliwa ng'ambo uraia wa kuzaliwa, mradi aandikishwe. Hivyo huendi kuomba hisani. Unaenda kuonyesha kwamba wewe ni mtoto wa fulani, naye ni mtoto wa fulani.

Kazi yote iko katika huo ufulani. Babu huandikwa kwanza katika ofisi kuu ya usajili ya Lisbon, Conservatória dos Registos Centrais, hata kama amekwishafariki. Kisha anaandikwa baba, ndipo uje wewe. Ukimruka mmoja, mnyororo umekatika. Ndiyo maana nasema anza na mzazi aliye hai. Akifariki kabla ya kuandikishwa, mjukuu hubakiwa na njia ya wajukuu, na hiyo inadai ujue Kireno na uwe na uhusiano na jamii ya Wareno. Baba yangu hakutakiwa kujua hata neno moja.

Sasa, babu utamtafuta vipi? Usitafute kwa jina la ukoo. Akina Souza na Fernandes wamejaa Goa nzima, na rejista za kule zimepangwa kwa wilaya na kijiji. Unachohitaji ni kijiji. Mimi nilikipata katika kitabu cha ndoa cha kanisa hapa hapa Mombasa. Padre aliandika kwa Kilatini, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawa: jina la bwana harusi, wazazi wake, na parokia alikobatizwa. Kanisa Katoliki lina desturi ya kupeleka habari ya ndoa kwenye parokia ya ubatizo, iandikwe pembeni ya jina la mhusika. Kitabu cha Goa kilipofunguliwa, pembeni ya jina la mtoto João palikuwa na maelezo kwamba ameoa Mombasa. Babu yetu hapa aliitwa John maisha yake yote. Mistari ile miwili ndiyo iliyothibitisha kwamba João na John ni mtu mmoja, na ilikuwa na nguvu kuliko kiapo chochote ambacho wakili angetuandikia.

Usajili wa serikali kule Goa ulianza mwaka 1914. Kwa watu wa Bardez, ofisi iko mjini Mapusa. Kwa wa Salcete, iko Margao. Aliyezaliwa kabla ya hapo hutafutwa katika vitabu vya ubatizo, na vingi viko kwenye nyaraka za serikali mjini Panaji. Omba nakala kamili ya maandishi ya Kireno, ile wanayoiita teor, si muhtasari wa Kiingereza. Kisha igongwe muhuri wa apostili na serikali ya India.

Vyeti vya Kenya ndivyo vinavyowakwamisha wengi. Jina la babu lazima liwemo kwenye cheti cha baba, na kwa kawaida liwe liliandikwa baba akiwa bado mtoto. Sheria ya Ureno haiutazami kwa jicho jema ubaba ulioandikwa mtu akiwa mzima. Watoto wa Magoa na mama Waafrika ni wengi nchini mwetu; hata Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alikuwa mmoja wao. Wengi waliandikwa kwa upande wa mama tu, au hawakuandikwa kabisa. Kama ndivyo kwenu, muone mwanasheria wa Ureno mapema, kabla hujampa wakala senti moja. Na wakala anayekwambia cheti kinaweza "kutengenezwa", muage pale pale. Cheti kimoja cha kughushi kinaweza kuwaharibia ukoo mzima.

Majirani wenye asili ya Kutch au Gujarat wasichanganye mambo haya na kadi ya OCI ya India. Ile ni ruhusa ya kuingia na kuishi India bila viza, wala si uraia.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia pacha. Lakini sheria ya 2011 inataka uutangaze kwa Uhamiaji ndani ya miezi mitatu. Ukinyamaza, adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na anayewania cheo cha afisa wa dola ajue kwamba kifungu cha 78 cha Katiba kinamzuia kuwa na uraia wa pili.

Sheria za Ureno hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma iliyopo siku unayopeleka maombi. Lakini usingoje siku hiyo ndipo uanze. Wiki hii nenda kwa mzee wenu, muulize jina la kijiji na la kanisa, na uandike anavyotamka. Kisha muombe padre wa parokia yenu akufungulie kitabu cha ndoa.