Wakikuita Tena

Leo tunakwenda mbali kidogo. Tunakwenda mji wa New York, huko Marekani. Katika mji huo kuna barabara maarufu iitwayo Broadway. Kando yake na katika mitaa ya jirani kuna majumba 41 ya michezo ya kuigiza. Michezo mingi ya huko ina maneno, nyimbo na dansi pamoja. Mmoja wao, ulioanza kuonyeshwa hapo mwaka 1997, una majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, hata Pumbaa!

Je, wachezaji wanapataje kazi humo? Wanafanya majaribio. Siku ya kwanza huja watu wengi sana. Kila mtu anaimba kipande kifupi, mara nyingi hakifiki hata dakika moja. Kisha anaambiwa asante. Wengi wanarudi nyumbani, basi. Wachache wanaitwa tena. Somo letu ni la hao walioitwa tena. Wajiandae vipi?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu akishaitwa tena anafikiri lazima alete jambo jipya. Ananunua nguo nyingine. Anabadili wimbo. Anatengeneza nywele kwa mtindo mwingine. Ngoja kwanza! Wamekuita kwa nini? Wamekuita kwa sababu walipenda walichokiona. Sasa wanataka kukiona tena, mara nyingi mbele ya wakubwa ambao siku ya kwanza hawakuwepo: mwongozaji wa mchezo, kiongozi wa muziki, mwalimu wa dansi, pengine na wenye fedha. Ukija mtu mwingine kabisa, watamtafuta yule waliyemwita na hawatamwona.

Ndiyo maana waigizaji wazoefu huvaa nguo zile zile za mara ya kwanza. Wale waliokaa mezani wameona mamia ya watu. Jina lako wamelisahau. Lakini wanamkumbuka "yule wa gauni jekundu".

Tuchukue mfano wa kweli. Kuna mchezo uitwao A Chorus Line, ulioanza New York mwaka 1975. Hadithi yake yenyewe ni majaribio: wachezaji 17 wamesimama mstari mmoja, na nafasi ni nane tu. Mwaka 2006 mchezo huo ulirudishwa Broadway. Majaribio ya kuwatafuta wachezaji wake yalipigwa sinema, nayo inaitwa Every Little Step. Ndani yake tunamwona mama mmoja, mchezaji hodari, anayetaka nafasi ya Sheila. Mwanzoni aliwafurahisha sana. Miezi mingi ikapita. Alipoitwa mara ya mwisho, alisema maneno yale yale, lakini utamu ulikuwa umepungua. Mwongozaji akamwomba afanye kama alivyofanya majira ya joto yaliyopita. Maskini, hakujua alifanya nini wakati ule! Nafasi akapewa mwingine.

Sisi hatumlaumu hata kidogo. Nani anakumbuka sauti aliyotumia kusema sentensi moja miezi mingi iliyopita? Kichwa husahau. Lakini daftari halisahau. Ukitoka kwenye majaribio, kaa chini siku ile ile, uandike. Uliimba wimbo gani, ukaanzia wapi? Ulivaa viatu gani? Sentensi ipi iliwachekesha? Andika hata vijambo vidogo: "Nilikaa kitini, sikusimama." "Neno la mwisho nililisema polepole." Siku ya kuitwa tena, soma maandishi hayo kwanza, ndipo ufanye mazoezi.

Kwa kawaida utapewa pia kurasa chache za mchezo, na labda wimbo wake. Zisome kwa sauti mara nyingi. Hata ukizijua kwa moyo, zishike mkononi, maana hofu hufuta maneno. Chukua viatu vya dansi, hata kama hukuambiwa.

Sasa lipo jambo moja linalochanganya watu. Umekwisha kusoma vizuri, mara mwongozaji anasema, "Hebu soma tena, safari hii kama mtu mwenye hasira." Msomaji atauliza: si mmesema tusibadilike? Tumesema usibadilike nyumbani, kwa kukisia kwako. Ukiombwa pale pale, badilika mara moja. Hakusema umekosea. Anataka kujua kama unasikia, kwa sababu akikuchukua atafanya kazi nawe kila siku kwa wiki nyingi. Mwimbaji mzuri asiyesikia anachosha wenzake.

Ukimaliza, utaambiwa asante tena, na jibu hupati hapo. Huenda ukangoja siku, huenda wiki. Wengi hurudi kwenye vibarua vyao, kama kupakua chakula hotelini, maana kodi ya nyumba haingoji.

ZOEZI: Kumbuka siku uliyoimba au kucheza ngoma mbele za watu. Andika mistari mitano: ulivaa nini, ulianzaje, watu walishangilia wapi. Mpe mwenzako ambaye hakuwepo. Asome, kisha ajaribu kufanya kama ulivyofanya. Ameshindwa wapi? Hapo ongeza maneno.