Gari la Kasi na Akiba ya Ada: Jibu kwa Msomaji wa Tegeta

Barua ya wiki hii imetoka kwa msomaji wa Tegeta, Dar es Salaam, mhasibu na baba wa watoto wawili, ambaye miezi minne iliyopita alinunua kupitia kwa dalali gari aina ya Subaru Impreza WRX STI la mwaka 2008, lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, kwa shilingi milioni 26. Anaeleza kwamba bei hiyo ilimvutia kwa kuwa ililingana na ya gari dogo la familia, na kwamba tangu alinunue amekuwa akichota kidogo kidogo kwenye akiba ya ada ya watoto bila mkewe kujua, kwanza kwa ajili ya mafuta, kisha matairi mawili, na sasa fundi anamtaka milioni 9 za ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kubadilisha sehemu zilizochakaa, kwa sababu imeanza kugonga. Anauliza mambo matatu: alitengeneze gari au aliuze, amweleze mkewe sasa au mambo yakishatengemaa, na kama ni kweli, kama alivyonong'onezwa gereji, kwamba oili nzito itaunyamazisha mlio huo kwa muda wa kutosha kumpata mnunuzi.

Hesabu iliyomponza muulizaji huwaponza wengi, wakiwemo watu wa fani yake. Bei ya gari lililotumika hushuka kila mwaka, ilhali gharama ya kulitunza hubaki pale ilipokuwa siku lilipotoka kiwandani, na gari likishapita miaka 15 gharama hiyo hupanda, kwa kuwa vipuri vingi huanza kufika mwisho wa maisha yake kwa wakati mmoja. Gari lililobuniwa kwa ajili ya mtu mwenye uwezo wa kununua gari ghali likiwa jipya halibadilishi mahitaji yake kwa sababu tu limeingia mikononi mwa mwenye milioni 26; brekipadi, klachi na oili yake ni zilezile. Punguzo alilodhani amelipata kwa dalali lilikuwa, kwa sehemu kubwa, bili ambayo mwenye gari wa awali hakutaka kuilipa.

Sifa ya gari hili Afrika Mashariki haikutoka hewani. Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika mbio za magari mwaka 1995, 1996 na 1997, na Impreza ilishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns. Kinachosahaulika ni kwamba magari yale yalikuwa na kundi la mafundi na malori ya vipuri yaliyoyafuata porini, na kipuri kilichotiliwa shaka kilibadilishwa papo hapo bila mtu kuuliza bei. Mwenye gari wa Tegeta ana fundi mmoja, tena kwa miadi.

Gharama ya kwanza kuonekana ni mafuta. Injini ya toleo la Japani la mwaka huo ina ujazo wa lita 2 tu, lakini hutoa nguvu farasi 308, na siri yake ni turbo, yaani feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini na ambayo, kwa upande wake wa pili, hushindilia hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo sharti izidi. Vipimo rasmi vya Marekani kwa toleo la lita 2.5 lililouzwa huko vilitoa takriban kilomita 7 kwa lita mjini na karibu 10 kwenye barabara kuu, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo saa 12 asubuhi haiwezi kutoa matokeo mazuri kuliko hayo. Ikichukuliwa kwamba muulizaji hutembea kilomita 1,400 kwa mwezi kati ya nyumbani, kazini Posta na safari za mwisho wa wiki, na kwamba lita moja ni shilingi 3,000 (bei halisi hutangazwa na EWURA kila mwezi), atahitaji lita 200, yaani shilingi 600,000, ilhali jirani mwenye gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita atatumia nusu yake. Tena, tangu mwaka wa fedha 2017/18 ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na pengo lake kuzibwa kwa kuongeza shilingi 40 katika kila lita ya mafuta, kwa hiyo hata kodi hiyo mwenye gari linalokunywa huilipa mara mbili ya jirani yake.

Suala la mafuta lina upande wa pili ambao huenda ndio chanzo cha mlio unaomkosesha usingizi. Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake, na injini hii ilitengenezwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo oktani yake hukaribia 100, kiwango kilicho juu ya kile cha petroli ya kawaida ya vituo vya Tanzania. Petroli ikilipuka mapema, pistoni hupokea pigo ikiwa bado inapanda. Kompyuta ya injini hulitambua pigo hilo na kurudisha nyuma wakati wa kuwasha, hivyo gari hupoteza nguvu kidogo lakini hubaki salama. Ikiwa mwenye gari wa awali aliipanga upya kompyuta hiyo ili kuongeza kasi, jambo la kawaida mno kwa magari haya, kinga hiyo huenda ilipunguzwa, na sehemu ya kwanza kulipia ni kingo nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi. Msomaji anayefikiria kununua gari la namna hii afahamu kwamba lile lisiloguswa kabisa, hata likiwa na rangi iliyofifia, lina thamani kuliko lenye sailensa kubwa na vibandiko.

Kuhusu matairi, kununua mawili badala ya manne kulikuwa uwekevu wa hasara. Magurudumu yote manne ya gari hili husukuma, na katikati yake kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Matairi mapya yakiwa na mzingo mkubwa kuliko yaliyolika, difu hiyo hulazimika kufanya kazi muda wote, hata gari likienda mstari ulionyooka, na hatimaye huungua. Tofauti inayoruhusiwa kwa kawaida ni kama milimita 6 tu za mzingo. Zaidi ya hapo, kipimo anachokitaja muulizaji, 245/40 kwa rimu ya inchi 18, kina maana kwamba ukuta wa tairi una kimo cha milimita 98, upana wa kiganja hivi, na hicho ndicho pekee kilicho kati ya rimu na mashimo ya barabara za mitaa ya Tegeta wakati wa masika.

Mengine yanaweza kutajwa kwa ufupi. Mkanda wa taimingi, ambao hufungamanisha mwendo wa pistoni na ule wa valvu, hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini kwa kuwa namba za deshibodi za magari ya mtumba haziaminiki, ni busara kuubadilisha pamoja na pampu ya maji mara tu gari linaponunuliwa, maana ukikatika valvu hugongana na pistoni. Oili iwe ya sintetiki na ibadilishwe kila kilomita 5,000, kwa sababu turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili hiyohiyo. Bima kubwa hukokotolewa kwa thamani ya gari, hivyo kwa kiwango cha asilimia 3.5 gari la milioni 26 litadai shilingi 910,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na hata hivyo bima hiyo hailipii injini iliyochakaa. Kwa jumla, safu hii inashikilia kwamba mwenye gari la kasi lenye umri huu atenge kila mwezi, kwa ajili ya matengenezo pekee, kiasi kinacholingana na anachotumia kwa mafuta, na akiba hiyo isiguswe hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Kwa muulizaji hesabu hiyo inafika shilingi milioni 1.2 kwa mwezi, bila bima.

Kabla ya kuamua lolote kuhusu milioni 9, ni lazima ijulikane ni mlio gani. Silinda za injini hii zimelala ubavu, mbili kila upande zikitazamana, na injini nyingi za namna hiyo hugonga kidogo asubuhi zikiwa baridi kisha hutulia zikipata moto. Mlio huo, ingawa unachukiza, mara nyingi hauhitaji ovahoo. Mlio mzito unaobaki injini ikiwa imeshapata moto, na unaoharakisha kadiri mafuta yanavyokanyagwa, huashiria beringi za mikono ya pistoni, na hapo gari halipaswi kuwashwa tena, kwani hatua inayofuata ni injini kunoki. Njia ya kuthibitisha ni rahisi na haihitaji kufungua injini: chujio la oili litolewe, likatwe kwa kifaa cha kukatia bati (msumeno haufai, maana hutoa chenga zake zenyewe), na karatasi yake iliyokunjwakunjwa ikunjuliwe juu ya sahani nyeupe juani. Chenga zinazometameta kwa rangi ya shaba au fedha, na ambazo sumaku haizinasi, hutoka kwenye beringi. Kisha ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa kila silinda, na silinda moja ikiwa nyuma sana ya wenzake, pistoni au ringi zake ndizo za kutiliwa shaka. Vipimo hivi vifanywe na fundi mwingine, asiye na matumaini ya kuzipata milioni 9.

Ikiwa chujio ni safi na kompresheni inalingana, muulizaji anaweza kuliuza gari bila haraka, na bado kuliuza ndilo jambo la kufanya, kwa kuwa shilingi milioni 1.2 kwa mwezi hazimo katika kipato alichokieleza. Ikiwa beringi zimekwisha, ovahoo itaongeza gharama ya gari hadi milioni 35 bila kuongeza thamani yake sokoni kwa kiasi hicho, na injini ya mtumba, ingawa ni nafuu, huja na historia isiyojulikana kama ya ile inayotolewa. Liuzwe kama lilivyo, injini ikitajwa wazi kuwa mbovu; wanunuzi wa magari ya aina hiyo wapo, wengi wao mafundi au wapenzi wa Subaru wenye injini zao tayari, na hujua wanachokinunua.

Mkewe aelezwe sasa, kabla ya spana ya kwanza kugusa injini. Kusubiri mambo yatengemae maana yake ni kumpelekea uamuzi uliokwisha kufanywa, kwa fedha ambazo nusu yake ni zake na ambazo watoto watazihitaji Januari, shule zitakapofunguliwa. Mhasibu anajua kuandika taarifa: karatasi moja yenye kiasi kilichotolewa kwenye akiba, tarehe, kilichonunuliwa, na kiasi kinachotarajiwa kurudi gari likiuzwa, itamsaidia kuliko maelezo marefu ya jinsi gari lilivyokuwa bei nafuu. Ajiandae pia kwa swali ambalo karatasi haitalijibu, nalo ni kwa nini lilifichwa, na hapo ukweli mfupi utamfaa kuliko kuanza kumlaumu dalali.

Oili nzito isitiwe. Kwanza, itachelewa kufika kwenye turbo injini inapowashwa baridi, na kuharibu kipuri ambacho huenda bado ni kizima na ndicho kitakachomvutia mnunuzi. Pili, kuficha kwa makusudi kasoro ambayo muuzaji anaijua huhesabiwa kuwa udanganyifu katika Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, na mkataba uliopatikana hivyo unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa, kwa maana kwamba gari litarudi Tegeta na fedha zitadaiwa, pengine zikiwa zimeshalipa ada. Katika hati ya mauziano iandikwe kwamba injini inagonga, matokeo ya vipimo yaambatanishwe, pande zote mbili zitie saini mbele ya shahidi, na kadi ya gari ihamishiwe jina la mnunuzi TRA kabla gari halijaondoka uani.