Bili ya kupandikizwa ngozi: isome kabla ya kulipa



Hapa kwetu, mtu mzima aliyeungua vibaya anaweza kupelekwa MedStar Washington Hospital Center, penye kituo cha majeraha ya moto; mtoto hupelekwa Children's National. Daktari huchukua ngozi nyembamba, mara nyingi ya paja, akaipandikiza kwenye kidonda. Baadaye barua zinaanza kuingia. Usikubali mpango wowote wa malipo kabla ya hatua hizi.

1. Tenganisha barua. Barua ya bima yenye maneno "This is not a bill" si bili. Ila hospitali, daktari mpasuaji na daktari wa usingizi wanaweza kukutumia bili tofauti kwa upasuaji mmoja.

2. Omba "itemized bill". Hii huonyesha kila huduma na namba yake. Kwa ngozi nyembamba kwenye kiwiliwili, mikono au miguu, 15100 ni sentimita za mraba 100 za kwanza. 15101 ni kila 100 zinazofuata, au sehemu yake. Kwa uso, viganja na nyayo ni 15120 na 15121. Mfano: kidonda cha pajani cha sentimita za mraba 250 ni 15100 mara moja na 15101 mara mbili. Ukiona 15101 mara tano, uliza. Kinachopimwa ni kidonda kilichofunikwa, si mahali ngozi ilipotolewa. Mtoto wa chini ya miaka 10 hupimwa kwa asilimia ya mwili.

3. Omba ripoti ya upasuaji, ulinganishe vipimo vyake na bili.

4. Hakikisha wana bima yako. Ukiishi Silver Spring, Medicaid yako ni ya Maryland. Ukiishi Alexandria, ni ya Virginia. Hospitali ya D.C. huenda haina namba yako. Wapigie, uwape. Wakishaipokea Medicaid, hawaruhusiwi kukudai salio la huduma inayolipiwa nayo.

5. Kama huna bima, omba fomu ya msaada wa fedha. Sheria inazitaka hospitali zisizo za kibiashara ziwe na msaada huo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali.

Ukipiga simu, sema: "Swahili interpreter, please." Mkalimani ni bure, usimbebeshe mtoto wako kazi hiyo. Andika tarehe na jina la uliyeongea naye.

Barua usiyoielewa usiitupe. Tuletee ofisini, tuisome pamoja.