Maumivu ya ghafla ya kifua: Ni picha ipi huonyesha damu ndani ya ukuta wa mshipa mkuu?

Si kila maumivu makali ya kifua hutokana na moyo wenyewe. Wakati mwingine kilichoharibika ni aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni.

Ukuta wa aota una matabaka matatu. Damu inaweza kuvuja na kukusanyika katika tabaka la kati bila mchaniko wowote kuonekana upande wa ndani. Hali hii ilielezwa na Krukenberg mwaka wa 1920. Wengi wanaoipata ni watu wazima wenye shinikizo la damu. Damu hiyo huweza kutoweka polepole, lakini pia ukuta unaweza kuchanika au mshipa kupasuka na mgonjwa akafariki.

Maumivu huanza ghafla, kifuani au mgongoni katikati ya mabega. Hufanana na mshtuko wa moyo, na hapo ndipo hatari ilipo: dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ambazo hupewa baadhi ya wagonjwa wa moyo, zinaweza kumwangamiza mgonjwa huyu. Je, daktari atatofautishaje?

Eksirei ya kifua: Hupatikana kwa urahisi na haichukui muda. Hata hivyo, inaweza kuonekana sawa kabisa ilhali ukuta una damu.

Altrasaundi: Ile ya juu ya kifua huonyesha moyo na mwanzo wa aota, lakini sehemu kubwa iliyobaki haionekani vyema. Ile inayopitishwa kooni huona vizuri zaidi, ila inahitaji mtaalamu, na kuna sehemu inayofichwa na bomba la pumzi.

Skani ya CT: Huonyesha aota yote kwa dakika chache. Picha hupigwa mara mbili. Kwanza bila dawa ya kung'arisha mishipa: damu mpya huonekana nyeupe ukutani, kwa umbo la mwezi mwandamo. Kisha dawa hudungwa ili kutafuta mchaniko. Hatua ya kwanza ikirukwa, damu ya ukutani ni rahisi kukosekana. Ubaya wake ni mionzi, na dawa hiyo huhitaji uangalifu kwa wenye ugonjwa wa figo.

MRI: Haina mionzi na hutenganisha damu mpya na ya zamani. Inafaa CT ikiacha shaka, au katika kumfuatilia mgonjwa. Lakini huchukua muda mrefu, na kumhudumia mgonjwa mahututi ndani ya mashine ni vigumu. Mwenye kifaa cha chuma mwilini lazima aseme mapema.

Kwa hiyo, wakati wa dharura CT ndiyo ya kwanza. Kwa msomaji wa Chepsaita, maana yake ni kufika Eldoret, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, siku hiyo hiyo. Usikae nyumbani ukimeza dawa za vidonda vya tumbo, wala usitulizwe na eksirei safi ikiwa maumivu yalikuja ghafla na kwa ukali.

Damu ikiwa karibu na moyo, mara nyingi upasuaji huhitajika. Ikiwa sehemu inayoteremka, wengi hutibiwa kwa dawa za kushusha shinikizo na picha za kurudiwa.

Jambo la mwisho: pima shinikizo lako, na kama umeandikiwa dawa, usiziache kwa sababu tu unajisikia vizuri.