Gari lililojua linapimwa

Swali: Mtaalamu, Volkswagen walidanganyaje vipimo vya moshi miaka yote ile?

Jibu: Kwa programu iliyofichwa kwenye kompyuta ya injini ya dizeli. Gari likiwa maabara, magurudumu huzunguka juu ya rola huku usukani umetulia tuli. Programu ikiona dalili hizo, inasafisha moshi sawasawa. Likirudi barabarani, inalegeza. Hapo oksidi za nitrojeni zilifika hadi mara 40 ya kiwango cha Marekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walianza kuwaumbua kwa njia rahisi ajabu: walifunga vipimio kwenye gari, wakaliendesha barabarani. Septemba 2015 kampuni ilikiri. Magari yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu hiyo. Meneja mmoja, Oliver Schmidt, alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 7.