Asubuhi Mzima, Jioni Hoi: Daktari Anajibu Barua za Uviko wa Muda Mrefu

Asubuhi nafua na kupika vizuri. Ikifika saa tisa siwezi kunyanyua hata sufuria. Mume wangu anasema naigiza. (Barua sita, kutoka Mbagala, Tandika na Bunju, nazijibu pamoja.)

Huigizi, dada yangu. Mumeo naye asome hapa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi kwamba dalili za Uviko wa muda mrefu, yaani zinazobaki baada ya kuugua korona, zinaweza kupanda na kushuka, au kurudi baada ya kuondoka. Homa ya malaria nayo huja na kuachia, na hakuna anayemwita mgonjwa wa malaria mwongo kwa sababu saa nne alikuwa anacheka.

Kosa linalowaumiza wengi ni kudhani kwamba nafuu ya asubuhi ni kupona, hivyo wanaimaliza yote: ndoo za maji, nguo za wiki nzima, safari ya Kariakoo wima kwenye daladala. Mwili huu hudai deni lake kwa kuchelewa. Unaweza kulidai jioni, kesho au keshokutwa, ndiyo maana mtu haunganishi mambo. Jumatano anaamka kichwa kizito, viungo vinauma, hakumbuki chumvi kaiweka wapi, analaumu chakula cha jana. Kumbe ni ule ufuaji wa Jumatatu! Ijumaa akipata ahueni anavamia kazi zote zilizolala, anaanguka tena, na miezi inapita hivyo hivyo.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika ulichofanya na saa uliyoishiwa nguvu. Mpaka wako utauona. Kisha pumzika kabla ya kuufikia. Fua nguo tano, ulale kidogo. Chambua mboga umekaa kwenye kigoda. Siku nzuri iishe nguvu zikiwa zimebaki. Kwa mama lishe anayeishi kwa mauzo ya siku hili ni gumu mno, nalijua. Basi daftari hilo limwonyeshe mume ndoo zipi abebe yeye.

Kiongozi wa mbio zetu za Jumamosi anasema nikimbie mpaka jasho litoke, uchovu utaisha.

Hapana. Kama kazi ndogo inakuangusha kesho yake, mbio zitakurudisha nyuma.

Nikisimama moyo unaenda mbio.

Lala dakika 10, hesabu mapigo kwa dakika moja. Simama karibu na ukuta, uhesabu tena mara kadhaa ndani ya dakika 10. Yakiongezeka kwa 30 au zaidi na kubaki hapo, peleka namba hizo kwa daktari.

Nyungu je? Na dawa za kusafisha mapafu za stendi?

Mwaka 2020 na 2021 watu wengi walijifukiza, na hofu ya wakati ule ilikuwa ya kweli. Lakini mvuke hauondoi kirusi mwilini. Joto hutanua mishipa ya damu, na mwenye moyo unaokimbia akisimama anaweza kuzimia juu ya maji yanayochemka. Hizo chupa za stendi ni wizi. Hela hiyo nunua mayai.

Sikupimwa 2021, niliambiwa tu "changamoto ya upumuaji". Nani ataniamini?

Cheti cha kipimo cha korona si sharti. Takwimu za wagonjwa wa korona hapa Tanzania zilisimama mwaka 2020 kwenye 509, zikarejea 2021. Wengi waliugua bila karatasi yoyote. Historia yako inatosha kuanzia. Ila nawasihi madaktari wenzangu: msiandike "korona ya zamani" kabla ya kupima kifua kikuu, wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, VVU na moyo. Nimempokea mama aliyezungushwa na jibu hilo kwa miezi, kumbe ni TB. Kikohozi kikizidi wiki mbili, makohozi hupimwa bure kwenye vituo vya serikali. Nenda kesho, katika saa zako nzuri, na daftari lako mkononi.