Dawa Inahitaji Mahali pa Kulala

Daktari, nyumba inahusianaje na ugonjwa? Si dawa ndiyo inayotibu?

Dawa hutibu ikitumiwa, na mwenye kwake hata hafikirii kinachohitajika ili aitumie. Chukua mgonjwa wa moyo aliyeruhusiwa kutoka hospitali jijini Chicago. Amepewa vidonge vya kutoa maji mwilini, ambavyo vitamkimbiza chooni asubuhi nzima. Anayelala nje atakwenda choo kipi? Mgahawani wanataka anunue kwanza. Basi anaacha vidonge, miguu inavimba, pumzi inambana, anarudishwa idara ya dharura. Kwenye faili anaandikiwa kwamba hafuati maelekezo. Hilo naliona dhuluma.

Na mwenye kisukari?

Insulini iliyofunguliwa hukaa nje ya friji takriban siku 28, lakini si juani, wala kwenye baridi ya Januari ya Chicago: ikishaganda, haifai tena. Halafu kuna miguu. Soksi zimelowa, ganzi inaficha kidonda, na hana pa kuvua viatu ajikague.

Je, akipewa nyumba anapona?

Kupona ni neno kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia watu wapatao 400 wa Chicago wasio na makazi, wote wagonjwa wa maradhi sugu waliokuwa wamelazwa. Kwa kura, baadhi walipewa nyumba pamoja na mhudumu wa kuwafuatilia. Wengine waliendelea na huduma za kawaida. Katika miezi 18, kundi la kwanza lilikuwa na siku za kulazwa pungufu kwa asilimia 29, na safari za dharura pungufu kwa asilimia 24. Miongoni mwa wenye VVU, baada ya mwaka mmoja asilimia 55 ya waliopewa nyumba walikuwa hai na kinga yao imara. Kwa wenzao, asilimia 34.

Kwa maradhi mengine, jopo la wanasayansi wa Marekani lilipitia tafiti mwaka 2018 likaona ushahidi bado mdogo. Sishangai. Ini lililoharibika kwa miaka mingi halirudi kwa mwaka mmoja wa kulala kitandani.

Kwa nini mlevi asiache pombe kwanza, ndipo apewe nyumba?

Ndiyo iliyokuwa desturi, na wengi walifia nje wakisubiri kustahili. Mwaka 1992 huko New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis aligeuza utaratibu: ufunguo kwanza, matibabu mtu akiridhia. Finland iliufanya sera ya taifa tangu 2008. Canada iliujaribu katika miji mitano. Watu walidumu kwenye nyumba zao, ingawa ulevi haukupungua sana kuliko kwa wengine. Mimi bado ningempa ufunguo.

Hospitali isiyo na nyumba za kugawa ifanye nini?

Kabla ya kumruhusu mgonjwa, imuulize: leo unalala wapi, na choo kiko wapi? Majibu hayo yabadilishe dawa anazoandikiwa na saa za kuzimeza. Boston wana Barbara McInnis House, yenye vitanda vya wagonjwa ambao hawahitaji tena kulazwa hospitalini lakini barabarani hawataweza. Laiti kila jiji lingekuwa na nyumba kama hiyo.